Usibebe Kitu Kizito

Asubuhi ile Mfaniseni aliingia hospitalini na tawi la mti wa miiba mkononi. Akawapita walinzi, akawapita manesi, wala hakumjibu hata mmoja aliyemsalimia.

Mdogo wake, Bhekizizwe, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akivaa viatu polepole. Kinena kilimuuma pale walipopitishia waya. Alipoliona tawi, aliinamisha kichwa.

"Huyu ndugu yako hana masikio, nini?" nesi alimtania.

"Leo haongei na watu."

Nesi akaliona tawi. Utani ukamwishia mdomoni. Akamsomea Bheki masharti yake kwa sauti ya chini: asikunje mguu sana, kidonda kisilowe. "Na wiki nzima usibebe kitu kizito. Hata ndoo ya maji. Umesikia, baba?"

"Nimesikia."

Mfaniseni alikuwa ameshatangulia koridoni. Alisimama karibu na viti vya wanaosubiri, akalishusha tawi.

"Twende nyumbani," alisema taratibu. "Hapa si mahali pako. Tunatoka sasa."

Wakatoka.

Kwa muda mrefu moyo wa Bheki ulikuwa ukipiga ovyo, kama kuku aliyefungiwa ndani ya gunia. Vidonge vilishindwa. Ndipo daktari akasema watapitisha waya kwenye mshipa wa pajani hadi moyoni, wapachome pale panapovuruga mapigo. Bheki aliposikia kuchomwa moyo, akajihesabu maiti. Akaanza kumwonyesha mkewe ng'ombe wa kuuzwa, na nani apewe koti lake.

"Koti lile?" MaSibiya alimcheka. "Hata mbwa hatakubali kulilalia. Utarudi ulivae mwenyewe, Mthethwa."

Maandalizi yote yalikuwa yake. Ndiye aliyemuuliza daktari maswali ambayo Bheki aliogopa kuyauliza. Ndiye aliyehamishia kitanda chumba cha mbele, dirishani, mgonjwa apate jua akirudi. Usiku wa kuamkia safari alificha sufuria zote ili mumewe asidokoe kitu, kisha akamnyoa kinena kama walivyoagizwa, huku akimzomea kwa kujikunyata kama bibi harusi. Katikati ya kazi alisimama, akajibana paji la uso kwa kiganja, akaramba unga wa dawa ya maumivu ya kichwa.

"Na wewe nenda ukapimwe," Bheki alimwambia.

"Nyumba hii haina nafasi ya wagonjwa wawili. Maliza zamu yako kwanza."

Kesho yake alimshika mkono mpaka kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. "Nakusubiri hapa kitini. Usinicheleweshe, nina ugali wa kusonga na maziwa yako ya mgando yameshaiva." Bheki alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa na hakika kwamba hawataonana tena.

Alizinduka amelala chali, mguu umenyooshwa, hatakiwi kuukunja. Jioni daktari alikuja kitandani, akavua kofia yake ya kijani, akavuta kiti akaketi. Madaktari hawaketi. Alizungumza kwa upole, kirefu, na katika maneno yale Bheki alishika ya mwanzo tu. Yalipokwisha, aliomba aitiwe kaka yake.

Sasa jirani yao Zakhele alikuwa amekisogeza nyuma kiti cha mbele cha gari ili mguu ule upate nafasi. Mfaniseni alipanda nyuma, tawi kando yake.

"Tunapanda gari," alisema. "Kaa vizuri."

"Pole, Mthethwa," Zakhele alisema bila kumtazama Bheki usoni. Aliwasha redio, akaizima upesi. Walipotoka nje ya Durban, akajaribu tena. "Kwenu kumejaa watu. Wanawake wanapika tangu alfajiri. Shangazi yako amefika na masufuria yake, na kelele zake."

"Shangazi hajambo?"

"Ameshagombana na kila mtu. Hajambo."

Bheki alitaka kucheka, ikamtoka pumzi tu. Alijiwekea kiganja kifuani akasikiliza, halafu akakiondoa kama aliyegusa jiko.

Walipofika mtoni Zakhele alipunguza mwendo bila kuambiwa.

"Tunavuka Thukela," Mfaniseni alisema. "Usibaki nyuma. Bado kidogo."

Bheki alitazama maji mekundu yakipita chini ya daraja. Hakutakiwa kujibu.

Barabara ya lami ikaisha, vumbi likaanza. Nyumba ilionekana kwa mbali: moshi wa majiko uani, makochi yametolewa nje na kupangwa ukutani. Kitanda cha chumba cha mbele nacho kilikuwa nje, kimesimamishwa kwa ubavu, na godoro lake halikuwapo. Wanawake waliliona gari, wakaweka miiko chini.

Zakhele alisimamisha gari nje ya geti. Mfaniseni alishuka kwanza, akaliinua mbele yake kwa mikono miwili tawi lile, ambalo kwa desturi yao huileta nyumbani roho ya aliyefia mbali.

"Tumefika, MaSibiya. Tumekutoa kitini ulipofia ukimsubiri mumeo," alisema. "Ingia nyumbani kwako."

Bheki alishuka mwenyewe, bila kushikwa mkono. Moyo wake ulipiga sawasawa, pigo baada ya pigo, kama daktari alivyoahidi. Jumamosi wanaume wa ukoo watalibeba jeneza la mkewe, naye atalifuata mikono mitupu, kwa sababu haruhusiwi kubeba kitu kizito.