Z ya Mwisho

Fundi aliiharibu herufi Z kwa mara ya thelathini na nane, na safari hii kazi hiyo ilimtoa jasho. Miaka arobaini na mitano ameandika vibao vya maduka; mkono umezoea kwenda sawa, na kuulazimisha ukosee si mchezo. Mwishowe aliinenepesha Z katikati hadi ikaonekana imevimbiwa.

Nyayo zikasikika ngazini. Alhamisi, saa kumi kamili.

"Hodi, Fundi!"

"Karibu, mwanangu. Ila usifurahi. Imenishinda tena."

Dada wa Kompyuta, ndivyo alivyozoea kumwita, alivua viatu vilivyolowa, akaketi kwenye kiti cha marehemu mke wa Fundi. Z yenyewe aliitupia jicho tu.

"Hakuna haraka," alisema, akafungua pakiti ya biskuti.

"Umekuja na mvua yote hii?"

"Sasa ningeenda wapi?" Akacheka, kisha akakohoa.

Mara ya kwanza alikuja mwaka juzi, na picha ya kibao cha duka la mikate ambacho Fundi alikiandika ujanani. Alisema watu wamechoka na herufi kavu. Wanataka za kizamani: zenye miguu minene, majani yaliyojikunja kwenye ncha, na kivuli upande wa kulia. Fundi azichore moja moja kwa mkono, yeye aziingize kwenye kompyuta, zipate kutumika kwenye vibao, maboksi ya sabuni na kadi za harusi. Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. Kompyuta ndizo zilizomnyang'anya kazi, leo zimekuja kumpigia hodi! Akakubali. Kila Alhamisi, herufi moja au nambari moja.

Alhamisi hizo zilimrudishia uhai. Mkewe alikwishatangulia mbele ya haki. Mwanawe aliishi nchi nyingine, na simu yake ilikuwa ya dakika tatu kwa mwezi. Goti nalo lilikuwa limemfungia ghorofa ya nne. Hata mkate aliletewa na jirani.

"Siku nyingine zote naongea na birika," aliwahi kumwambia Dada wa Kompyuta.

"Afadhali wewe, birika linapiga mluzi. Mimi naongea na friji, na yenyewe hainijibu."

Walicheka sana siku hiyo.

Nambari zikaisha. A mpaka Y zikaisha. Ilipobaki Z peke yake, Fundi akaingiwa na hofu. Ikikamilika, huyu mtoto wa watu atarudi hapa kufanya nini? Basi akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu ashike brashi: kivuli cha Z akakiweka upande wa kushoto.

"Mkono umezeeka," alidanganya, macho chini.

"Pole, Fundi. Basi Alhamisi ijayo." Lakini ile mbovu aliichukua, akaitia kwenye bahasha. "Ya kumbukumbu," alisema.

Tangu hapo kila wiki ilikuja na kosa lake. Mara mkia mfupi, mara jani limepinduka, mara wino umevuja. Mteja mwingine angeshatafuta fundi mwingine zamani, ila huyu alikuwa na subira ya ajabu.

Dada wa Kompyuta alipoondoka jioni ile ya mvua, kikohozi chake kilisikika mpaka chini kabisa ya ngazi. Fundi alisimama mlangoni akisikiliza.

"Wewe mzee, huna haya," alijiambia. "Unamlowesha mtoto wa watu kwa ajili ya upweke wako."

Aibu ilimkaa rohoni wiki nzima. Jumatano asubuhi akachukua brashi, akaiacha iende inakotaka. Haikuchukua hata nusu saa. Z ilitoka imesimama sawasawa, majani yamejikunja vizuri, kivuli kulia. Ilikuwa nzuri kuliko zote, na Fundi aliitazama akalia.

Aliamua kuipeleka mwenyewe ofisini kwa Dada wa Kompyuta, mtaa wa tatu, amwombe radhi, waagane kiungwana. Akaitia kwenye bahasha, akavaa koti, akashuka ngazi sitini na nane akishika ukuta.

Kwenye kona goti likagoma. Bahati nzuri palikuwa na benchi nje ya duka ambalo zamani lilikuwa la fundi viatu. Kijana mwenye kitambaa begani akatoka.

"Shikamoo, mzee. Kaa tu, upumzike."

"Marahaba, baba."

Fundi akainua macho. Juu ya mlango palikuwa na kibao: KINYOZI. Moyo ukamruka. Majani yale! Miguu ile! Zilikuwa herufi zake, kubwa kuliko alivyowahi kuziota.

"Kibao kizuri," alisema. "Cha lini?"

"Aa, kitambo! Huyu alikuwa bado tumboni mwa mama yake." Kinyozi akaonyesha mtoto aliyekuwa akitambaa mlangoni. "Alinitengenezea dada mmoja, ana ofisi mtaa wa tatu. Mimi ndiye mteja wake wa kwanza kwa herufi hizi. Siku ile alikuwa na furaha, akaniambia zimekamilika zote, hakuna hata moja iliyobaki."

Fundi akaitazama Z ya kibaoni. Herufi nyingine zote vivuli vyake vilianguka kulia. Cha Z kilianguka kushoto.

Akaikunja bahasha, akaisukuma ndani kabisa ya mfuko wa koti, akainuka na kuelekea alikotoka.

"Mzee, mbona haraka hivyo? Goti limepona?"

"Nina kazi, baba," alisema Fundi, akifuta macho. Kesho ni Alhamisi, na alikuwa bado hajaharibu Z nyingine.