Swali la Zuhura

Maalimu Badi alikaa kwenye mkeka nyuma darasani, katika madrasa yake, akimtazama Ustadhi Faraji kwa jicho la shaka. Mwalimu huyu mgeni alikuja na utaratibu mpya: watoto wasihifadhi tu, waulize na maana. Maalimu alingoja ateleze, apate sababu ya kumfukuza.

Zuhura, mjukuu wa Maalimu, akanyoosha mkono. "Ustadhi, aya inasema 'soma'. Mbona babu alimkatisha mama masomo?"

"Muulize mwenyewe," Faraji akasema taratibu, akielekeza macho kwa Maalimu.

Maalimu alimkazia macho Faraji. Bila shaka ndiye aliyempandikizia mtoto maneno haya. Lakini Zuhura alikuwa amekwisha kumgeukia babu yake, na usoni hakuwa na ujeuri; alitaka kujua tu.

Maalimu akasogea kwenye mkeka, akamwachia Zuhura nafasi akae kando yake.