Maji Yasimwagike

Farasi alikuwa ameshakataa kuruka lile gogo, na Kavindu alijua kosa ni lake. Kila wakilikaribia, yeye hutazama chini.

“Angalia mbele, dada!” mwalimu alipaza sauti.

Safari hii akainua macho hadi vilimani. Ndivyo marehemu susu, nyanya yake, alivyomfundisha zamani, Kavindu akiwa juu ya punda wa maji, wakivuka mtaro: wewe angalia nyumbani, punda atafika.

Farasi akaruka. Wakiwa hewani, mkono wa Kavindu ukaachia hatamu, ukarudi nyuma, ukapapasa.

Wakatua salama. Mwalimu akaja akicheka. “Umeruka vizuri! Lakini huo mkono ulikuwa unatafuta nini?”

Kavindu akakitazama kiganja chake kikavu.

“Mtungi,” akasema. “Susu hapendi maji yakimwagika.”