Kaseti ya Kanada

Angèle alisukutua maji ya moto yenye chumvi, akayatema nyuma ya nyumba, akakohoa mara mbili mpaka koo likakwaruza. Akajaribu: “Germain, mutoto wangu, unakula muzuri kule?” Sauti bado nyembamba. Akarudia kwa chini, na kile kicheko kifupi cha puani, na safari hii nywele zikamsimama. Mama mwenyewe, kama yuko jikoni anakanda unga!

Mama Clémentine alikuwa amezikwa tangu mwezi wa pili.

Wanasema mficha maradhi, kilio humfichua. Angèle alikuwa ameficha kilio chenyewe, na kwa miezi mitano hakuna kilichomfichua. Lakini raha hana. Akila, sikio liko mlangoni. Akitoka misani, anawakwepa wote wenye ndugu ng'ambo, maana neno moja tu likipanda ndege, kazi yote bure.

Amri ilikuwa ya marehemu mwenyewe. “Musimuambie,” alisema siku ya mwisho, amemshika binti yake mkono. “Akisikia, atarudia. Amalize kwanza mwaka yake.”

Na mwaka wenyewe haukuwa mchezo. Kiwanda kimesimama, mishahara imekuwa hadithi, walimu wanauza makaa kando ya barabara, halafu inatokea programu ya Kanada ya kuwafunza wanafunzi wa sekondari uongozi, na jimbo zima anachaguliwa mmoja: Germain, miaka kumi na saba, mwana wa muuza mikate! Parokia iliimba mpaka jioni. Huyu alileta koti, yule viatu, na kuku wa mtaa hawakupona. Mtoto akapanda lori la Mjomba Octave, mdogo wake mama, kwenda uwanja wa ndege wa Lubumbashi. Watu walipunga mikono hadi vumbi likatulia. Baada ya sherehe kama ile, nani angethubutu kurudi mikono mitupu?

Posta ilikuwa imekufa zamani, basi wakawa wanatumiana kaseti. Ilikuwa ileile moja, upande wa kwanza Germain, upande wa pili nyumbani. Mjomba Octave, anayenunua samaki Mwadingusha, penye bwawa la umeme ambalo wenyeji huliita barrage, na kuwauza Lubumbashi, ndiye aliyeibeba. Alisema anawapa masista, nao wanapanda nayo ndege. Hakukosa hata mwezi mmoja. Na kila alipokuja aliacha na furushi la samaki waliokaushwa. “Iko mutu amewatumia,” alisema, wala hakumtaja.

Siku hiyo umeme ulirudi saa tisa mchana. Octave alikuwa uani, anakaza kamba za mzigo wake.

“Angèle, fanya mbio! Courant itapotea tena!”

“Minakuya, Mujomba!”

Lakini kabla ya kujibu ni lazima usikilize. Akabonyeza redio, na chumba kikajaa sauti ya mdogo wake, na nyuma yake ule mvumo usiokoma. Hiyo ni barabara kubwa, alishaeleza, kule magari hayalali. Umeme nao haukatiki hata dakika.

“Mama, huku mwezi wa saba baridi ni ya kuua. Neige, ile barafu ya mbinguni, imefika kwa magoti.”

Angèle akajikunyata ndani ya kitenge. Hapa Likasi penyewe asubuhi ile meno yaligongana. Kanada je? Maskini mtoto!

“Wanatufundisha uongozi, kwamba chef muzuri haogope kusema kweli,” Germain aliendelea. “Mama, minaomba kitu kimoja. Ile kaseti ya mwisho uliongea kidogo. Ujaze upande yote. Hata kama hauna ya kusema, ongea tu. Uhesabu mikate. Uimbe. Aya, unisalimie dada yangu, Yaya Angèle. Kwaheri, Mama.”

Angèle alihesabu siku. Mwezi ujao mwaka unaisha. Atashuka na sanduku lake, atauliza mama yuko wapi, nami nimwonyeshe nini, msalaba? Akamkasirikia marehemu, Mungu amsamehe, kwa kumtwisha mzigo huu peke yake. Chozi likatoka, na ile sauti aliyoitengeneza tangu asubuhi ikaondoka nalo. Akakimbilia kikombe cha maji ya chumvi, akasahau kuzima redio.

Kaseti ikazidi kuzunguka. Siku zote baada ya kwaheri husikika “tap” ya kufunga, kisha kimya. Leo hakukuwa na tap. Kulikuwa na mvumo uleule, kiti kikiburutwa, halafu mtu mwingine akasema:

“Funga mulango, Germain. Maji ya barrage inatupasula masikio.”

Angèle alichungulia nje, kikombe mkononi. Mjomba Octave alikuwa palepale uani, mdomo umefumba, anafunga kamba.

“Utaacha lini hii mambo?” aliuliza Octave wa kaseti. “Ndege haukupanda, watu watakusamehe. Mama yako alikufa, na unayua, ni miye nilikuambia. Turudie Likasi.”

Mlango ukafungwa, mvumo ukapungua. Kisha Germain akasema, polepole:

“Mujomba, siku nitarudia, Yaya ataacha kuniongelesha na sauti ya Mama.”