Mwana wa Mama Honorata

Msimamizi Kipchumba alikuwa akihangaika na mnyororo wa mlango wa dharura, jasho likimtoka, kwa maana mkaguzi wa usalama alikuwa ameshaegesha gari nje. Mnyororo huo uliondolewa siku ya ukaguzi tu. Siku nyingine zote wanawake wa kiwanda hiki cha Landover, Marekani, walifua na kukausha mashuka ya hospitali wakiwa wamefungiwa kama kuku.

Kasoki, mmoja wao, alimtazama kwa dharau. Mwezi uliopita mashine ya kukaushia ilishika moto, wakaugonga mlango ule hadi mikono ikachubuka. Bupe aliungua mgongo. Kwenye ripoti Kipchumba aliandika kwamba Bupe alimwagikiwa na chai.

Mkaguzi akaingia, na Kasoki nusura acheke. Alikuwa Ulrich, mwana wa Mama Honorata, wa kanisani kwao Riverdale Park. Kiswahili alikielewa chote, ingawa tangu utotoni alijibu kwa Kiingereza. Kipchumba, asiyemjua, aliona Mmarekani tu. Ulrich hakumsalimia Kasoki. Mjanja huyu, akawaza Kasoki. Siku za mwizi ni arobaini.

Basi akaamua kumsaidia. Akasukuma toroli la mashuka hadi karibu nao, akapaza sauti.

"Patron, ule munyororo mutaurudisha saa ngapi?"

"Huyu zuzu akishasaini," Kipchumba alijibu kwa Kiswahili, huku akimchekea mgeni kwa meno yote. "Ama unataka muibe mashuka mtoke nayo?"

"Na moto ukiwaka tena, kama ule uliunguza Bupe?"

"Mtaomba Mungu. Si nyinyi ni watu wa kanisa?"

Kalamu ya Ulrich ilikimbia. Kasoki alitaka kumhurumia Kipchumba, kisha akaghairi. Mpumbavu anayejichimbia kaburi huku akichekelea hastahili huruma. Kuanzia leo mlango ungebaki wazi, na Bupe angerudi kazini bila hofu.

Ulrich akafunga daftari, akamshika Kipchumba bega. Kwa mara ya kwanza Kasoki akamsikia akiongea Kiswahili, tena safi.

"Bosi, Jumamosi diwani wetu ana karamu ya kuchangia kampeni. Nunua meza mbili, na mimi sijasikia kitu. Ila Mama Kasoki anaongea sana. Kesho asirudi."