Friji ya Boti ya Dancun

Boti ilikuwa imekaa katikati ya migomba, huku Nyakoe, milimani Kisii, ambako hakuna hata bwawa. Akumu aliizunguka mara mbili kabla ya kuweka chini mkoba wake wa vifaa.

"Ililetwa kwa lori kutoka ziwani," alisema Mogaka, mwenye boma. "Ni ya kijana wangu, Dancun. Ananunua samaki visiwani na kuwaleta sokoni Kisii. Nataka uiwekee friji leo."

Akumu alikuwa fundi wa friji mjini, lakini alizaliwa ufuoni. Boti alizijua. Alikuwa amekuja na friji mbili za volti kumi na mbili, zile zinazotumia betri, ili mzee achague.

"Hii ndogo ni rahisi, lakini haina kompresa ya kuleta baridi kali. Itanyonya betri mchana kutwa na samaki waoze vilevile. Hii nyingine inafunguka juu, kwa hivyo ukiifungua baridi haimwagiki. Ukiwa na sola, inatosha."

"Weka hiyo," alisema Mogaka bila kuuliza bei. "Ndiyo amekuwa akiitaka. Barafu inamfanya ashindane na jua. Anatoka kisiwani hata ziwa likiwa baya, mradi samaki wasiharibike."

"Basi mwambie sasa asikimbie tena, mzee."

Mogaka aliuinua mkoba wa vifaa na kumpa.

Akumu aliingia kazini. Friji aliiweka chini, karibu na katikati, ili boti isilalie upande mmoja. Aliacha nafasi ya kompresa kupumua, akaikaza kwa bolti ili mawimbi yasiing'oe. Kisha akavuta waya mnene kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi na kuiwasha. Alipofika upande wa mbele, aliona mbao zimepasuka.

"Hapa maji yataingia. Muite fundi wa mbao kabla haijarudi ziwani."

"Haina shida."

"Mzee, ina shida. Watu wanakufa hivi hivi."

Nyanchera, mke wa Mogaka, alikuwa anamletea chai. Alisimama ghafla, chai ikammwagikia vidole. Hakujifuta. Alikiweka kikombe ukingoni mwa boti na kuinama juu ya friji.

"Imeshika baridi?"

"Ingiza mkono, mama."

Nyanchera aliuingiza, akauacha humo muda mrefu, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Ni nzuri," alisema. "Hiyo ndiyo alitaka."

Watu walianza kuingia bomani. Wanawake wa kanisa walibeba masufuria, majirani wakapanga viti vya plastiki. Mchungaji Obadiah alikuja na Biblia kwapani. Akumu alifurahi. Hata kwao ufuoni, boti huombewa kabla ya kurudi majini. Alipangusa mafuta mikononi, akajifunga leso vizuri ili asimame na wengine.

Baada ya maombi, wanaume walifunga kamba na kuanza kuivuta boti juu ya magogo. Lakini waliigeuza kuelekea nyuma ya nyumba.

"Barabara iko huku!" Akumu aliwaita.

Waliendelea kuvuta. Akawafuata kati ya migomba, akidhani kuna njia nyingine ya lori, hadi walipoweka kamba chini kando ya kaburi la babu yake Dancun. Hapo palikuwa na shimo lililochimbwa kwa urefu na upana wa boti.

"Ziwa limekataa kuturudishia mwili wa Dancun," Nyanchera alimwambia taratibu. "Wametafuta, wamechoka. Tutazika hii."

Friji ilikuwa bado inanguruma. Akumu alinyoosha mkono aizime.

Mogaka aliushika mkono wake.

"Iache, mwanangu," alisema. "Iache iwake."