Abiria wa Boti la Feni

Ilikuwa marufuku kuwasha injini katika kinamasi kile, kwa kuwa mji mzima ulikunywa maji yake. Kwa hiyo Nyamizi, mlinzi wa kinamasi, aliposikia ngurumo ya injini, aliuziba mkondo kwa mtumbwi wake. Boti lenye feni kubwa nyuma lilichomoka kwenye matete, likazimwa mbele yake. Kando ya dereva alikaa mama mzazi wa Nyamizi, kilemba kimepeperuka, akicheka hadi machozi. Nyamizi hakuwahi kumwona akicheka tangu mama huyo afiwe na mumewe.

Nyamizi alisogeza mtumbwi karibu. "Mama, si ndiyo maji tunayokunywa haya?"

"Najua, mwanangu. Hata jana nilipopanda nilijua."

Dereva aliinamisha kichwa. Nyamizi alifunga kamba kwenye boti, akaanza kulivuta kwa kasia kuelekea kituo cha walinzi. Nyuma yake, mama alianza tena kucheka.